Fundi Torres na Riziki ya Gita

Wengi wetu tupendao taarabu twawajua wapigaji udi na gita. Ni wachache waulizao chombo kilitoka mikononi mwa fundi gani, na fundi huyo aliishije.

Antonio de Torres alizaliwa mwaka 1817 kando ya Almería, kusini mwa Uhispania, mji ambao hata leo jina lake ni la Kiarabu. Alianza kwa useremala. Mwaka 1845 alifiwa na mkewe, na baadaye akafungua karakana Seville. Huko aliunda gita lenye mwili mpana na uso wa ubao mwembamba, ulioshikwa kwa ndani na vijiti, aghalabu saba, vilivyotandazwa mithili ya upepeo. Mwaka 1858 akatunukiwa medali. Mwaka 1862 akaunda gita la mbavu na mgongo wa karatasi ngumu, kuonyesha kuwa sauti hasa hutoka usoni.

Lakini sifa haijazi chungu. Yakadiriwa kuwa maisha yake yote aliunda magita kama 320 tu. Karibu na mwaka 1870 alifunga karakana, akarudi Almería kuuza vyombo vya kaure. Mwaka 1875 akashika tena randa, huku duka likimlisha, na hakuiacha hadi alipofariki mwaka 1892.

Leo mafundi wa dunia nzima wanafuata kigezo chake. Basi, msomaji, ukimwona fundi wa udi mtaani kwako ana kibanda cha biashara pembeni, usiudharau ufundi wake.