Padri Tempels na swali la jema na baya

Hapa kwetu Hewa Bora wazee wa kanisa walikaa mara tatu juu ya ndugu mmoja. Aliwekewa feza za kilio, akazitumia kulipia operesheni ya mke wake. Mzee mmoja alisema kwamba wizi ni wizi. Mwingine aliuliza kama kanisa lingefurahi kuzika watu wawili zaidi, mama na mtoto.

Kwenye shule ya teolojia tulijifunza kwamba wa kwanza anafuata Kant wa Ujerumani, anayepima tendo kwa wajibu, na wa pili Mill wa Uingereza, anayepima kwa faida ya wengi. Lakini kuna aliyeuliza swali hili hapa Katanga, na kitabu chake kilitoka katika mji wetu.

Frans Tempels alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka wa 1906. Wafransisko walimwita Placide. Alifika Kongo mwaka wa 1933, akatumika kati ya Waluba. Miaka ya kwanza alikuwa bwana mzungu kama wengine: aliamuru, alifundisha, watu walikariri, na maisha yao yalibaki yaleyale. Kisha akaanza kuwauliza wanatafuta nini.

Jibu lao alilitia katika kitabu, La philosophie bantoue, kilichotolewa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1945. Jema ni lile linaloongeza uzima. Baya ni lile linaloupunguza. Na uzima si wa mtu mmoja: unashika wazazi, watoto, hata waliokufa. Kant anamweka mtu peke yake mbele ya sheria. Mill anahesabu watu mmoja mmoja. Kwa Tempels, kosa linaingia ndani ya nyumba nzima, kwa hiyo malipo si bei ya kitu kilichopotea tu, ni dawa ya kuponya kidonda.

Sisi hatukubali yote. Mgeni asiye wa ukoo, nani analinda uzima wake? Msamaria wa Injili anatusumbua hapo. Na Aimé Césaire, mwandishi wa Martinique, alimshambulia vikali mwaka wa 1950: kitabu kinawapa Wabantu heshima ya mawazo, lakini hakigusi unyonyaji wa wakoloni. Neno hilo ni la kweli, hasa katika inchi ya migodi.

Askofu de Hemptinne naye alikipinga kitabu, kwa sababu zake mwenyewe. Mwaka wa 1946 Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko karibu miaka mitatu. Aliporudi alitumika Kolwezi, na katika kambi ya Musonoi ya watumikaji wa Union Minière akaanzisha Jamaa, pamoja na waume na wake zao. Walifundishana mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Sisi Waprotestanti tungeweza kuona wivu: padri aliketi na watumikaji, akajifunza kwao.

Aliondoka Kongo mwaka wa 1962, akafa Hasselt mwaka wa 1977.

Ndugu yetu sasa analipa feza kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Jumapili iliyopita jamaa ya marehemu walikuja kwake wakala bukari pamoja, na mtoto akapitishwa mikononi mwao. Mzee wa kwanza hakuja. Anasema bado ni wizi.