Marjory Warren: Daktari aliyewainua wazee vitandani

MNAMO 1935, daktari mwanamke katika hospitali moja ya magharibi mwa London alikabidhiwa wagonjwa 714 ambao madaktari wengi wa siku hizo hawakutaka kujishughulisha nao. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wamelazwa kwa muda mrefu pasipo kubainishwa walikuwa wakiugua maradhi gani.

Daktari huyo, hayati Marjory Winsome Warren, hata leo huitwa mama wa tiba ya wazee.

Alizaliwa jijini London mwaka wa 1897, akiwa kifungua mimba katika familia ya mabinti watano. Baba yao alikuwa wakili. Alisomea udaktari katika chuo cha wanawake kilichohusishwa na hospitali ya Royal Free, akafuzu mwaka wa 1923. Miaka mitatu baadaye aliajiriwa katika hospitali ya Isleworth, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama West Middlesex. Wakati huo, upasuaji ndio uliomvutia zaidi.

Mkondo wa maisha yake ulibadilika pale hospitali hiyo ilipounganishwa na zahanati jirani ya mafukara. Zahanati hiyo ilikuwa masalio ya Sheria ya Maskini ya mwaka wa 1834, ambayo iliwakusanya pamoja wasiojiweza: wazee, wagonjwa na wasio na makao.

Warren alianza na jambo lililoonekana dogo. Alimpima kila mgonjwa, mmoja baada ya mwingine, akachunguza ugonjwa wake, uwezo wake wa kutembea na kujihudumia, pamoja na hali ya akili yake. Kisha akawagawa katika makundi kulingana na mahitaji yao.

Uchunguzi huo ulifichua mambo ya kusikitisha. Wapo waliopatwa na kiharusi lakini hawakuwahi kufunzwa kutembea upya. Wengine viungo vyao vilikuwa vimekakamaa na ngozi kuota vidonda kwa sababu ya kulazwa bila kuinuliwa. Madhara mengi yaliyodhaniwa kuwa ni uzee yalikuwa yametokana na kitanda chenyewe.

Basi akaanza kuwainua. Aliwashirikisha wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo na maafisa wa ustawi wa jamii katika kazi moja. Wodi zilitiwa mwanga na kupakwa rangi ya kupendeza, na wagonjwa wakahimizwa kuvaa na kula wenyewe kadiri walivyoweza.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Baadhi ya waliodhaniwa kuwa wangefia humo walirejea kwao, na wengine wakahamia makao ya wazee. Hatimaye vitanda alivyohitaji vilipungua hadi 240, na vilivyosalia vikatumiwa kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu.

Mwaka wa 1943 alichapisha makala katika jarida la British Medical Journal, na mwaka wa 1946 akaandika tena katika The Lancet. Alipendekeza wazee wagonjwa watibiwe ndani ya hospitali kuu, palipo na vifaa vya uchunguzi, na wanafunzi wa udaktari wafundishwe tiba yao kama wafundishwavyo ya watoto.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Neno la kitaalamu la tiba hiyo lilikuwa limebuniwa mwaka wa 1909 na Ignatz Nascher, daktari wa New York aliyezaliwa Vienna. Hata hivyo, Warren ndiye aliyeonyesha wodini, kwa idadi isiyoweza kupuuzwa, kwamba tiba hiyo inawezekana.

Mwaka wa 1947 alikuwa miongoni mwa madaktari walioasisi chama cha kushughulikia matibabu ya wazee, ambacho tangu 1959 kimejulikana kama British Geriatrics Society. Mfumo wa afya wa taifa ulipoanza Julai 1948, Uingereza ilianza kuwateua madaktari bingwa wa fani hiyo, japo baadhi ya wenzao waliibeza kwa miaka mingi.

Warren alifariki Septemba 1960, akiwa na umri wa miaka 62, kutokana na ajali ya gari alipokuwa safarini barani Ulaya. Alikuwa angali kazini.

Leo tiba ya wazee ni miongoni mwa matawi makubwa ya udaktari wa hospitalini nchini Uingereza. Utaratibu wa kumpima mzee mwili, akili, uwezo wa kujihudumia na hali ya nyumbani kwake kabla ya kuamua hatima yake, ambao sasa hufuatwa katika nchi nyingi, chimbuko lake ni zile wodi za Isleworth.

Ipo familia ambayo leo inaambiwa kuwa maradhi ya mzazi wao ni uzee tu. Warren angeuliza kwanza iwapo mzee huyo amepimwa, na ni lini mara ya mwisho aliposaidiwa kusimama.