Lettow-Vorbeck, jenerali aliyebadili kaliba bila kugusa mtutu

Leo nina stori ya bunduki, ila ni stori ya mtu pia, na inaishia hapa hapa kwetu Ufipa.

Mshikaji wangu mmoja hapa Sumbawanga ana bunduki ya upepo, zile zenye mtungi unaojazwa hewa kwa pampu. Ya kwake ni kaliba 5.5. Juzi kapata mtutu wa 6.35 kwa mtu, kaja nao mbio kijiweni. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: fungua wa zamani, funga mpya, bunduki inakuwa na nguvu zaidi. Nikamwambia kaa kwanza, nikupe habari za mzee mmoja aliyepigana vita miaka minne huku kaliba ikimsumbua kuliko hata Waingereza.

Mzee mwenyewe ni Paul von Lettow-Vorbeck. Wengi tulimsoma shuleni mistari miwili mitatu tu, eti jenerali wa Wajerumani ambaye hakushindwa. Hebu tumwangalie vizuri.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 mji wa Saarlouis, kwenye familia ya wanajeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima uasi wa Boxer. Mwaka 1904 akaenda Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, akawa kwenye makao ya jenerali von Trotha, yule aliyewaangamiza Waherero. Hapo msipapite haraka, maana watu wakimsifu huyu mzee sehemu hiyo huwa wanairuka. Huko huko aliumia jicho la kushoto.

Januari 1914 akatua Dar es Salaam kuwa mkuu wa jeshi la koloni. Alikuta kampuni 14 na askari Waafrika kama 2,500 hivi. Na hapa ndipo kaliba inaingia.

Kampuni nyingi zilikuwa na bunduki ya mwaka 1871, kaliba milimita 11, risasi moja moja, baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linapanda juu ya kichwa chako. Adui hana haja ya kukutafuta, anapiga kwenye moshi. Kampuni chache tu zilikuwa na Mauser 98, milimita 7.9, risasi tano kwa mkupuo, moshi karibu hakuna.

Sasa mtu atauliza kama mshikaji wangu: si wangebadilisha mitutu tu? Haiwezekani, na sababu ni ile ile ya bunduki ya upepo. Kaliba ni namba inayoandikwa kwenye mtutu, lakini bunduki nzima ndiyo inayoibeba. Ile ya 1871 iliundwa kuhimili baruti nyeusi, ambayo msukumo wake ni wa chini. Risasi ya kisasa ina msukumo mkubwa zaidi, bunduki ya kizee ingeweza kumpasukia askari usoni. Ganda la risasi nalo ni tofauti, chemba ni tofauti, kikomeo cha nyuma ni tofauti. Ukibadili vyote hivyo, umetengeneza bunduki nyingine.

Basi Lettow akatumia njia nyingine: kuchukua bunduki za adui zikiwa na risasi zake. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha jeshi kutoka India pale Tanga, likapigwa vibaya na kurudi melini. Nyuma yao waliacha mamia ya bunduki, rashasha 16 na risasi kama 600,000. Kampuni kadhaa za askari zikabadili silaha siku hizo hizo.

Aprili 1915 meli ya Rubens ikapenya hadi ghuba ya Manza, karibu na Tanga, na mzigo wa Mauser na risasi. Waingereza wakaishambulia, maji yakaingia. Risasi zikaopolewa, zikafumuliwa moja moja, baruti ikakaushwa na kurudishwa. Hata meli ya kivita Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, ilivuliwa mizinga yake kumi ikakokotwa nchi kavu. Mmoja uliletwa Ziwa Tanganyika ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen. Ndiyo hiyo hiyo wazee wa Kasanga wanaijua kwa jina la Liemba.

Huku kwetu vita ilifika mapema. Kasanga ilikuwa ikiitwa Bismarckburg, boma la Wajerumani likiangalia ziwa. Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini waliizingira Namema, na Juni 1916 wakaichukua Bismarckburg.

Kufikia Novemba 1917 Lettow alikuwa amesukumwa hadi mto Ruvuma, na bunduki zikamgeuka. Risasi nyingi zilizobaki zilikuwa za ile ya kizee ya moshi, wakati askari wake wengi walishashika bunduki za kisasa, za Kijerumani, za Kiingereza na za Kireno. Mtu ana bunduki nzuri mkononi, mfukoni ana risasi zisizoingia. Angalieni ile ya Mwingereza, milimita 7.7, na ya Mjerumani, 7.9. Tofauti ni kama unene wa karatasi mbili, lakini ganda moja lina ukingo nyuma na jingine halina, urefu wala umbo si sawa. Huwezi kuazima.

Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma na siku hiyo hiyo akawavamia Wareno pale Ngomano. Alipata bunduki za kutosha nusu hivi ya jeshi lake, na risasi kama 250,000. Kaliba ikawa 6.5. Kwa mwaka mzima uliofuata aliishi hivyo, akipora kambi moja hadi nyingine Msumbiji, kisha akarudi kupitia Ubena na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Huko, tarehe 13 Novemba 1918, ndipo alipopata habari kwamba vita Ulaya imekwisha siku mbili kabla.

Tarehe 25 Novemba akasalimisha silaha Abercorn, leo Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Orodha ilikuwa na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Rashasha 37, saba tu za Kijerumani. Jeshi la Kaisari lilimaliza vita bila bunduki ya Kaisari.

Kutoka hapo walitembezwa hadi Bismarckburg, wakipiga kambi jirani na maporomoko ya Kalambo, kisha meli hadi Kigoma. Yeye akarudi Berlin 1919 kama shujaa. Mwaka 1920 aliingia kwenye jaribio la Kapp la kupindua serikali, akafukuzwa jeshini. Alikuwa mbunge kati ya 1928 na 1930, na 1953 akaja tena Dar kuwasalimia askari wake wa zamani. Akafa Hamburg tarehe 9 Machi 1964. Mwaka huo bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa askari waliokuwa hai malimbikizo yao, miaka 46 baadaye!

Mimi sikatai, akili ya vita alikuwa nayo. Lakini jamani, zile risasi zilitembea kwa nini? Kwa vichwa vya watu. Kila kasha lilibebwa na mpagazi, na mpagazi anakula, na chakula kilitoka kwenye vihenge vya wanakijiji, majeshi yote mawili yakichukua. Ugogo kulitokea njaa kubwa, wakaiita Mtunya. Juu yake ikaja homa ya mafua ya 1918. Aliyebadili kaliba alikuwa jenerali, aliyelipa gharama alikuwa mpagazi, na jina lake halimo kwenye orodha ya Abercorn.

Turudi kwa mshikaji. Nilimwambia mtutu wa 6.35 unataka hewa nyingi zaidi kila unapofyatua, kwa hiyo vali iangaliwe na springi ya nyundo nayo. Magazini ya 5.5 haitapokea risasi mpya, kile kijiti cha kusukumia risasi hakitatosha, na mpira wa kuziba hewa ukikaa vibaya, mtungi wenye msukumo mara mia mbili ya hewa tunayovuta uko sentimita chache kutoka shavuni. Halafu risasi zenyewe za 6.35 utanunua duka gani hapa Sumbawanga? Na polisi umewauliza kama kibali chako kinaruhusu?

Akanyamaza. Mtutu sasa uko juu ya kabati, na bunduki bado ni 5.5, inafanya kazi vizuri tu.

Wadau wa Kasanga, Matai na Mbala, kama babu zenu waliwahi kusimulia habari za kubeba mizigo ya vita ile, andikeni hapo chini. Hao ndio ninaotaka kuwasikia.