Oliver Lodge na koni zilizozaliwa upya katika simu

Mhandisi anayebuni antena ya simu ya mkononi ana mtihani mgumu. Kifaa kinachotoshea mfukoni hakina budi kunasa masafa mengi yaliyoachana, ya mitandao ya simu, ya intaneti na ya setilaiti. Mojawapo ya maumbo yanayomfaa lilichorwa karne ya 19 na Mwingereza Oliver Lodge.

Lodge alizaliwa mwaka wa 1851 huko Penkhull, Staffordshire, eneo la wafinyanzi. Babake aliwauzia udongo, naye akiwa na umri wa miaka 14 aliingizwa katika biashara hiyo. Aliipa kisogo, akasomea fizikia jijini London, na kufikia 1881 alikuwa profesa mjini Liverpool.

Mnamo Agosti 1894 alituma ishara bila waya mbele ya wanasayansi mjini Oxford. Hakuona biashara ndani yake. Guglielmo Marconi aliiona, na mwaka wa 1896 akaomba hataza ya kulinda mtambo wake. Lodge alizinduka mwaka uliofuata.

Katika hataza aliyopewa Marekani mwaka wa 1898, alichora koni mbili zinazotazamana kwa ncha, na pembetatu mbili mfano wa tai ya kipepeo. Na hapo ndipo penye kioja. Nia yake ilikuwa kuibana mitambo isikilizane kwa wimbi moja tu, na kazi hiyo ilifanywa na koili aliyoiweka katikati. Ondoa koili, na koni zenyewe hupokea masafa mapana! Waya mwembamba huitikia vyema wimbi linaloafikiana na urefu wake. Koni hupanuka kwa uwiano ule ule tangu nchani, hivyo umeme haukumbani na badiliko la ghafla njiani.

Umbo hilo lilisahaulika hadi miaka ya 1930, televisheni ilipohitaji masafa mapana. Siku hizi wabunifu hulifanya bapa, pembetatu ya shaba iliyochapwa kwenye kibao cha saketi, nacho kibao kikishika nafasi ya koni ya pili.

Hataza ya Lodge hatimaye ilinunuliwa na kampuni ya Marconi. Mwanawe Raymond aliuawa vitani mwaka wa 1915, na mwaka uliofuata mzee huyo akachapisha kitabu akidai kuwasiliana na marehemu. Wanasayansi wengi walitikisa vichwa. Hakubadili msimamo hadi alipofariki Agosti 1940, akiwa na umri wa miaka 89.