Putnam na Upepo wa Mlimani

Majeshi yaliyotua Sicily mwaka 1943 na Normandy mwaka 1944 yalipelekewa risasi na chakula kwa DUKW, lori liwezalo kuelea baharini na kwenda nchi kavu. Miongoni mwa waliolianzisha ni Palmer Cosslett Putnam, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1900. Lakini jina lake hukumbukwa zaidi kwa ajili ya upepo.

Mwaka 1934 Putnam alikuwa na nyumba Cape Cod, mahali penye upepo mkali na umeme wa bei kubwa. Akaazimia kuutumia upepo huo kuzalisha umeme. Alipopata kampuni ya kumgharimia, palichaguliwa Grandpa's Knob, kilima cha mita 600 hivi katika jimbo la Vermont lenye baridi kali. Vilele virefu zaidi viliachwa kwa kuhofia barafu ingeganda juu ya mapanga ya kinu.

Oktoba 1941 kinu kile cha kilowati 1,250 kilianza kupeleka umeme kwa wananchi. Zaidi ya miaka 30 ilipita kabla ya kujengwa kingine kikubwa kuliko hicho.

Hata hivyo, wataalamu walikuwa wamekadiria upepo kwa kutazama umbo la mlima, kabla ya kuupima vya kutosha papo hapo. Vipimo vilipokamilika, kasi halisi ilikuwa sehemu 7 tu katika 10 za ile iliyotarajiwa. Upungufu huo si mdogo, maana kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huongezeka mara nane. Kwa hiyo nguvu iliyopatikana ilikuwa kama theluthi moja tu.

Februari 1943 beringi kuu iliharibika, na kwa uhaba wa vita kinu kikasimama miaka miwili. Tarehe 26 Machi 1945 panga moja lilikatika likaruka mbali. Kampuni iliona gharama ni kubwa mno, ikaiacha kazi.

Putnam hakuficha kosa. Katika kitabu chake cha mwaka 1948 alieleza hesabu zote, zilizofaulu na zilizoshindwa, na jinsi miti iliyopindishwa na upepo mlimani inavyoweza kuwa shahidi wa kuaminika. Waliomfuata walijua kwamba mahali hupimwa kwanza, ndipo mtambo hujengwa. Askari aliyewahi kutumwa kupeleleza njia kabla ya kikosi kupita ataielewa hekima hiyo upesi.