Shekhar Mehta na Kigari Kilichoshinda Majabari

Mdharau mwiba mguu huota tende, na katika mashindano ya motokaa ya Safari wengi waliodharau gari dogo waliijua maana ya methali hiyo. Kwa miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, mshindi alikuwa mmoja, na gari lake lilikuwa la jamii ile ile ambayo karani au mwalimu aliweza kuiegesha mlangoni pake. Mtu huyo ni marehemu Shekhar Mehta, mwana wa Afrika ya Mashariki ambaye vijana wa leo huenda wanalijua jina lake tu, wala si kisa chake.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni, 1945, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na mashamba makubwa. Mtoto wa nyumba kama hiyo angeweza kukaa kitako akahesabu mavuno. Yeye alivutwa na usukani. Alipokuwa na umri wa miaka 21 alianza kushindana, akiendesha BMW, na haukupita muda mrefu ila wenye kampuni ya Datsun wakaona kwamba kijana huyu mpole wa sura alikuwa na jambo adimu: alijua kukimbia bila ya kuliua gari.

Msomaji atauliza, kuna ugumu gani katika kuendesha gari? Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka wa 1953, na miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kutoka katikati ya miaka ya 1970 yakabaki Kenya peke yake. Kwa kawaida yalifanywa siku za Pasaka, wakati mvua za masika zinapoanza, na njia zilikuwa zile zile za raia. Dereva aliweza kukutana na basi, mkokoteni wa punda au kundi la mbuzi. Watu wa Mombasa wanakumbuka miaka ambayo magari yaliteremka hadi pwani yakiwa yamevaa vumbi jekundu, hata namba hazisomeki.

Katika nchi ya Ukambani taabu ilizidi. Mtu aliyesafiri kutoka mji wa Kitui kuelekea mashariki hadi Zombe anaijua ardhi ya namna hiyo. Wakati wa kiangazi ni vumbi na mawe, na mito haina maji ila mchanga mtupu. Mvua ikinyesha mahali pa mbali, mto uliokuwa mkavu asubuhi huweza kujaa jioni, na gari lililozama katika mchanga haliulizwi lina nguvu ngapi. Mahali kama hapo gari zito hujiponza kwa uzito wake.

Mwaka wa 1971 Mehta alikaribia ushindi. Alimaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Mwaka uliofuata, msiba ukabisha hodi. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Maelfu waliacha nyumba, maduka na makaburi ya wazee wao. Mehta na jamaa zake walikuwa miongoni mwao, wakahamia Kenya. Kijana aliyezaliwa katika mali akajua jinsi mali inavyoweza kutoweka kwa tangazo moja.

Pasaka ya mwaka wa 1973 ilimkuta akiwa mgeni katika nchi ya jirani, miezi michache tu baada ya kupoteza kwao. Aliingia Safari na Datsun 240Z, msomaji wake wa ramani akiwa Lofty Drews. Mwaka huo ndio kwanza ubingwa wa dunia wa rali ulikuwa umeanzishwa, na Safari ilikuwa moja ya duru zake. Baada ya maelfu ya kilomita, hesabu zilipopigwa, ikaonekana ajabu: Mehta na Msweden Harry Källström, wa Datsun vile vile, walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Kanuni ikatazamwa. Ushindi ulikuwa wa yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila ya kupata adhabu, naye alikuwa Mehta. Aliyefukuzwa kwao akawa bingwa wa Safari.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya wengine. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976, na wageni kutoka Ulaya wakajitwalia iliyobaki. Kisha likaja gari lililoliweka jina la Mehta katika vitabu, Datsun 160J. Hili halikuwa gari la fahari. Lilikuwa la milango minne, la mtu na watoto wake. Lakini mafundi walilifumua na kulishona upya. Ndani walilijengea kizimba cha vyuma ili likipinduka lisibonyee. Springi zilibadilishwa, taa kubwa zikaongezwa, na mbele likawekewa vyuma vya kuhimili kishindo cha mnyama. Injini yake haikuzidi lita 2.

Mwaka wa 1979 kigari hiki kilikutana na jabari. Mercedes-Benz walileta magari ya 450 SLC yenye injini ya lita 5, na mmoja wa madereva wao alikuwa Hannu Mikkola, ambaye mwaka wa 1972 alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Mikkola alimaliza wa pili. Mbele yake alikuwa Mehta, na pembeni yake Mike Doughty, mwenzake katika ushindi wote minne ya miaka hiyo. Alishinda tena 1980 na gari hilo hilo, kisha 1981 na 1982 kwa Datsun Violet GT, ndugu yake. Safari ya 1982 ilikuwa na utamu wake, kwa sababu aliyeshika nafasi ya pili, Walter Röhrl wa Opel, ndiye aliyetawazwa bingwa wa dunia mwaka huo.

Siri ya Mehta haikuwa mbio peke yake. Mara nyingi aliwaacha wenye haraka watangulie, nao wakavunja magari yao. Yeye alilitunza lake kama nahodha anavyotunza tanga wakati wa kusi.

Mwaka wa 1987, katika mashindano ya Mafarao huko Misri, alipata ajali mbaya iliyomaliza kazi yake ya udereva. Hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi wa rali za dunia chini ya FIA, na huko akatumika miaka mingi. Alifariki London tarehe 12 Aprili, 2006, akiwa na umri wa miaka 60, akamwacha mkewe Yvonne, ambaye naye alipata kumsomea ramani, na mtoto wao wa kiume.

Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha. Magari ya sasa ni ya kasi ya kutisha na njia hufungwa. Hata hivyo, katika miaka yote ambayo Safari imekuwa duru ya ubingwa wa dunia, hajatokea dereva mwingine aliyeishinda mara tano. Rekodi hiyo ingali mikononi mwa mtu aliyeingia Kenya akiwa amefukuzwa kwao, na mara nne kati ya hizo tano aliendesha gari ambalo jirani yako angeweza kwenda nalo sokoni.