Edith Abbott na Mtoto Asiyefika Shuleni

Mtoto asiyekuwapo darasani huwekewa alama katika daftari la mahudhurio, na mara nyingi habari zake huishia hapo. Edith Abbott alianzia kazi pale alama hiyo inapoishia.

Alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa Grand Island, jimbo la Nebraska, Marekani. Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1893, ukame na anguko la uchumi vilikuwa vimewadhoofisha wazazi wake, wasiweze kumpeleka chuo kikuu. Akawa mwalimu katika sekondari ya mji wake, naye hajatimiza hata miaka kumi na minane. Wengi huipita haraka miaka hiyo ya chaki mkononi; mimi naona isipuuzwe. Alijiendeleza huku akifundisha, akapata shahada ya kwanza mwaka 1901, na mwaka 1905 Chuo Kikuu cha Chicago kikamtunuku shahada ya udaktari katika uchumi. Mwaka 1908 alihamia Hull House, makao yaliyoanzishwa mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr katika mitaa ya wahamiaji maskini wa Chicago.

Sheria ya jimbo la Illinois ilikuwa imewalazimisha watoto kwenda shule tangu mwaka 1883, na watoro walifuatwa na maafisa wa mahudhurio. Abbott, pamoja na mwenzake Sophonisba Breckinridge, aliuchunguza utoro wa mji huo, na mwaka 1917 wakatoa kitabu juu yake. Nyuma ya utoro walikuta maradhi, ukosefu wa viatu na nguo, na watoto waliobakizwa nyumbani kusaidia kazi. Afisa ajuaye kutisha tu aweza kumrudisha mtoto kama huyo leo. Kesho umaskini utamtoa tena. Kwa hiyo walishauri kwamba anayetumwa nyumbani kwa mtoto awe mtu aliyefunzwa kazi ya ustawi wa jamii.

Lakini afunzwe wapi, na kwa kiasi gani? Hapo ndipo palipokuwa na ubishi. Wengi waliamini kwamba moyo wa huruma, pamoja na kumfuata mzoefu kwa muda, vilitosha. Abbott alikataa. Aliona kwamba anayeingia katika nyumba ya watu na kuamua jambo la mtoto wao hastahili kuwa na elimu pungufu kuliko mwanasheria. Mwaka 1920 shule waliyofundisha yeye na Breckinridge iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Chicago, ikatoa masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Aliiongoza tangu mwaka 1924 hadi 1942. Wanafunzi wake walisoma sheria, uchumi, takwimu na siasa ya huduma za jamii. Tena walitoka kwenda kwa wenye shida, wakifanya mazoezi chini ya wasimamizi. (Mwanachuo aliyerudi juzi kutoka mazoezi ya kufundisha ataelewa jasho lao.) Abbott hakukubali masomo yatengwe na mazoezi, wala mazoezi yachukue nafasi ya masomo.

Mwaka 1927 yeye na Breckinridge walianzisha jarida la kitaaluma la fani hiyo. Alifariki mwaka 1957 huko Grand Island, mji ule ule aliokuwa ameanza kuufundishia.